Wazazi wa Bibi Mwitaliano

Jumapili, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Smithfield, bibi mmoja Mwitaliano alijipaka rangi ya midomo, akamwambia nesi kwa Kiingereza: "Leo wazazi wangu wanakuja."

Bibi huyo amepita miaka themanini. Nesi akanivuta kando, akaninong'oneza, "Amechanganyikiwa. Nimwite daktari?"

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguliwa. Wakaingia wapwa, binamu na wajukuu, na keki kubwa. "Parenti!" bibi akapaza sauti, mikono juu. Kumbe kwa Kiitaliano neno hilo ni jamaa, ingawa linafanana kabisa na lile la Kiingereza la wazazi.

Nesi akacheka, akamfundisha neno sahihi. Bibi akalijaribu, akatikisa kichwa. "Siku hizi hawa ndio wanaonilea," akasema. "Waache wawe wazazi."

Mimi nilikata keki.