Anga la Mikono Miwili

Kazini walimwita Bi Mawingu, naye hakuwahi kukasirika, maana hiyo ndiyo kazi iliyomweka mjini: kuchora anga. Walikuwa wanatengeneza filamu ya katuni, ya watoto wawili wanaopanda mgongoni mwa ndege mkubwa kuutafuta mji unaoelea juu ya mawingu, na kila kipande cha anga kilichorwa kwa brashi. Chumba chao kilinuka rangi na chai iliyopoa. Sharti lilikuwa moja: anayeanza anga, alimalize mwenyewe. Buluu ya mtu ni kama mapishi yake; mkono mwingine ukiingia, jicho linajua.

Alikuwa katikati ya anga la mwisho, refu kuliko zote, dada yake alipopiga simu.

"Mama anakuulizia," alisema dada. "Usichelewe, mdogo wangu."

Mkuu wa kazi, mtu wa kuwahesabia wenzake hata pumzi, alikuna kichwa. "Malizia kwanza. Ukiondoka katikati, jina lako halitatokea kwenye filamu, unajua. Mama atakungoja."

Bi Mawingu alichovya brashi. Jina hilo alikuwa amelisubiri miaka. Akachora wingu moja, akalitazama, moyo ukakataa katakata. Akamtia brashi mkononi jirani yake wa meza, Kidevu.

"Nitaliharibu," alisema Kidevu.

"Liharibu."

Alipofika kwao, alimkuta mama kitandani, bado ana sauti. Walizungumza mambo ya kawaida tu. Mama akamshika kidole kilichogandwa na rangi, akacheka kidogo. "Hata kunawa hukunawa, mwanangu." Alfajiri akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Filamu ilipotoka, dada hao wawili walikwenda kuitazama. Watoto walipoukaribia mji, anga likabadilika ghafla: buluu laini ikawa nzito, waziwazi, kama kiraka kwenye nguo. Nyuma yao mtu alinong'ona kwamba mvua inakuja. Kwenye viti vya mbele, mkuu wa kazi aliinamisha kichwa.

Dada aliuliza polepole, "Hapa ndipo ulipotoka?"

"Hapa."

Bi Mawingu alilia bila kujificha. Anga zote alizochora kwa mkono wake alikuwa ameziacha zipite. Hili baya, ambalo hakulichora, ndilo aliloomba lisiishe upesi.