Jeneza Juu ya Kenchi

Nilipokuwa mtoto kule Kilolo, baba yangu alijipimia jeneza lake mwenyewe, na mshika futi nilikuwa mimi. Alilala chali juu ya meza yake ya kazi akaniambia, "Bana hapo kisiginoni, usitikisike." Nikabana. Nilidhani ni mchezo, nikawa nacheka mpaka bibi, mama yake baba, alipotokea mlangoni.

"Mwanangu," alisema, "mtu hai hapimwi."

Baba alikuwa seremala, na kabla ya useremala alikuwa askari. Alipigana vita ya Uganda, na huko walizika wenzao kwa blanketi. Wengine hata blanketi hawakupata. Hilo lilimkaa rohoni. Majirani aliwatengenezea majeneza ya misindano, mbao laini za bei rahisi, lakini yeye alijiwekea mbao za mninga, akaapa hatafukiwa ovyo kama mzoga. Mbishi yule! Kazi ilipokwisha akalipandisha kwenye kenchi za paa la sebuleni, juu kabisa ya mkeka tuliolia ugali.

"Jeneza tupu halikai bure," bibi akaonya. "Likimkosa mwenyewe, litachukua aliye karibu."

Baba akacheka. "Mama, risasi zilinikosa, leo niogope mbao?"

Mimi sikucheka tena. Mbao zikilia kwa baridi natazama juu, kisha nawatazama wenzangu mmoja mmoja, najiuliza ni nani.

Ukungu ulipoanza kushuka, mdogo wangu Tumaini, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akashikwa na nimonia. Zahanati walimdunga sindano tukarudi naye. Kesho yake mchana, mama akiwa amempakata, Tumaini akaacha kulia. Jamani, afadhali mtoto alie! Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka upesi upesi, midomo imebadilika rangi. Bibi hakumtazama mtoto. Alitazama juu.

"Haya, mwanajeshi," akamwambia baba. "Chagua."

Baba akainuka. Alipanda, akalishusha peke yake, zito vile, akaliburuta hadi uani kwenye mvua. Nikasikia shoka. Mninga alioupiga randa na msasa kwa miezi aliupasua vipande vipande, huku akitukana, sijui alikuwa akimtukana nani. Kisha akaingia amelowa chapachapa, akavaa koti kavu, akamfunika Tumaini kifuani na kuondoka naye kwa miguu kwenda hospitali, mama akimkimbilia nyuma.

Tumaini alipona. Leo ni fundi magari Mbalizi, ana kitambi na makelele. Bibi alikufa akiamini shoka ndilo lililomwokoa. Mama mpaka leo anasema ni hospitali, na hawezi kusikia neno jingine.

Nikiwa mtu mzima nilimwuliza baba kama kweli aliyaamini maneno ya bibi.

"Hata kidogo," akasema. "Lakini kama ningekuwa nimekosea je?"

Hakujitengenezea jeneza jingine. Mwaka juzi tulimzika katika jeneza la kununua, mbao laini zilizopakwa rangi, vishikio vya kung'aa, vitu alivyovidharau maisha yake yote. Msibani watu walimsifu kwa ushujaa wa vitani, na mimi niliitikia kwa adabu huku nalia. Sikuwa nalilia vita. Nilikuwa namlilia mtu aliyeogopa kuzikwa ovyo kuliko alivyoogopa kufa, na ambaye, kwa ajili ya mtoto, alikubali azikwe vyovyote vile.