Mbuzi wa Assorted

Aibu hii naisema mimi mwenyewe, kwa sababu hapa Giakanja mnaisikia ikiwa imeongezwa chumvi.

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini duka nilijenga kwa mikono yangu, na katika duka hilo biskuti ghali kuliko zote, zile za mkebe ambazo watu hununulia wageni wa heshima, zimeandikwa ASSORTED. Basi miaka yote nilijua assorted ni kitu cha hali ya juu (na nani angenibishia, nami ndiye mwenye duka?).

Sasa binti yangu Wangui akapata mchumba wa Kianyaga, na baba ya kijana ni mwalimu mkuu aliyestaafu. Akanipigia simu kuuliza mbuzi wa ruracio nawataka wa namna gani (kwetu mahari bila mbuzi si mahari), na Kiingereza kilikuwa kinamtoka bila breki, nikaona huyu asinidharau. Nikamjibu kwa sauti nzito, "Mwalimu, bring assorted." Akasema sawa.

Siku ikafika, hema imejaa, wazee wa kanisa wamekaa mbele, lori ikafunguliwa. Akashuka beberu mnene, nikatabasamu. Akafuata mmoja mzee mwenye pembe moja, halafu kadogo kanachechemea, halafu mwingine wa manyoya marefu ambaye mpaka leo sijui ni mbuzi ama ni kondoo. Nikasimama nikasema, "Rudisheni. Binti yangu si wa kuokotwa."

Vijana wao wakaanza kuwapandisha tena kwa lori. Wangui akaanza kulia. Mwalimu akanijia polepole, akaniita kwa jina la ukwe.

"Muthoniwa, si ulisema assorted?"

"Ndiyo. Na hii ni assorted gani?"

"Ya kuchanganya. Tumezunguka soko ya Doldol mchana mzima tukitafuta wasiofanana. Tulidhani ni desturi yenu watu wa Nyeri."

Wangui akanivuta koti. "Baba, hao ndio uliitisha. Wakienda, wameenda na bwana yangu."

Hapo ikawa ni heshima yangu ama ndoa yake. Nikaenda kwa lori, nikamshika yule wa pembe moja, nikamshusha mwenyewe mbele ya kanisa yote.

"Huyu," nikasema, "ndiye hasa nilikuwa namaanisha."

Wakacheka mpaka mwalimu akakalia nyasi na suti yake.

Wangui ameolewa. Mdogo wake akiposwa, mbuzi nitawaitisha kwa Kikuyu, na wakinipigia simu kwa Kiingereza nitampa mama yake aongee.