Ndege wa Mama Yuko Ndani ya Mashine

Mashine niliinunua mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wamejaribu kunieleza kwamba sivyo. Niliifuata Kampala, nikarudi nayo kwa lori kupitia mpaka wa Nimule, na pale Gumbo, malori yanakopakuliwa, nikagombana na wapagazi waliotaka kuitupa chini kama gunia la vitunguu. Mashine ya kutarizi, yenye kioo chake na sindano sita. Niliiweka dukani kwangu mtaa wa Hai Cinema, na siku ile nilijiona nimefika.

Kazi yetu ni milaya, yale mashuka ya kutariziwa maua na ndege ambayo huku bibi harusi haendi kwa mume bila kuwa nayo. Mama aliyashona kwa mkono maisha yake yote, hata kule Kenya, kwenye kambi ya wakimbizi tulikokulia wakati wa vita. Alikuwa na ndege wake: amegeuza shingo anaangalia nyuma, mguu mmoja juu, mkia wa rangi tatu. Mwanamke akimpenda ndege yule alikuja na karatasi ya kaboni, akalitandaza shuka mezani, akafuatisha kwa penseli, akaenda zake. Mama hakumnyima mtu. Akimwona ndege wake kwenye kitanda cha jirani alicheka tu, "Huyo ametoroka kwangu." Hakuna aliyewahi kuuliza ndege ni wa nani.

Mama alipoanza kuumwa nilikaa siku nne nikimwingiza ndege yule kwenye mashine, mshono kwa mshono, kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Kabla ya kuhifadhi, mashine ilileta maneno marefu ya Kiingereza yasiyo na mwisho, na chini yake kitufe cha kukubali. Nikabonyeza. Wewe ungesoma? Nikashona mmoja wa majaribio kwenye kitambaa kibovu, nikampelekea mama kitandani. Alikipapasa, akasema shingo imekaa sawa. Baadaye kitambaa kile nilifutia mafuta ya mashine.

Mama alifariki kabla ya mvua. Kwetu mwanamke hufunikwa na milaya yake mwenyewe, na baada ya vita vyote vile mama alikuwa amebakiwa na moja tu. Mama mdogo, yaani dada yake, aliishika akasita. "Binti, tukimzika nayo, ndege atabaki wapi?"

Nikamjibu kwa kujiamini, Mungu anisamehe: "Yuko ndani ya mashine, mama mdogo. Huko hapotei."

Wakamfunika. Waliowahi kumfuatisha ndege yule wametawanyika, Khartoum, Arua, wengine sijui hata kama wako hai. Picha ninayo moja kwenye simu. Mama amekalia shuka lile na kumfunika ndege mzima isipokuwa mkia.

Kisha, kabla sijalishona shuka la binti yangu, jirani yangu wa duka la jumla, Msomali mmoja muungwana sana, akaweka intaneti, akanipa na mimi neno la siri nitumie bure. Nikaunganisha mashine. Ikajisasisha yenyewe bila kuniuliza, na asubuhi ikawaka na sentensi moja tu: huduma hii haipatikani katika nchi uliyopo. Jirani alishika kichwa. "Wallahi dada, nilidhani nakusaidia." Sikumlaumu. Niliwaandikia wenye kampuni. Wakanishukuru kwa kuwa mteja wao mpendwa, wakanielekeza kwa wakala aliye nchi nyingine, naye wakala akasema mashine yangu haikupita mikononi mwake. Basi, wakaishia hapo.

Nikamwita fundi Mganda anayekaa mtaa wa Gudele. Aliifungua, akaifunga, akapangusa mikono.

"Mama, mashine iko mzima. Mwenyewe ndiye amefunga."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Hapana, mama. Wewe iko na chuma tu. Ile ya ndani ni ya kampuni."

"Na ndege? Ndege ni wa mama yangu!"

Alinionea huruma, nikaona, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akanieleza polepole kwamba mchoro umefungwa kwa ufunguo wa kampuni, na hakuna kompyuta nyingine inayoweza kuusoma. Yeye angeweza kuifuta mashine yote na kuweka programu ya wizi. Ingeshona tena, na maua ya kila aina yangekuwemo. Ila ndege angefutika. Nilimfukuza dukani kwangu.

Miezi ilipita nimeifunika mashine kwa kanga. Wateja wakahamia kwingine. Nilijaribu kumchora ndege kwa mkono, nikatoa kuku. Nikajaribu tena na tena hadi nikapata mmoja wa kuonyesha watu, nikampelekea mama mdogo. Alimtazama muda mrefu. "Huyu anaangalia nyuma kama ameitwa," akasema. "Wa dada yangu alikuwa anaangalia kama ameacha kitu." Nilikasirika, tena sana, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Harusi ilipobaki wiki mbili binti yangu akaniambia, "Mama, futa tu. Siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu." Fundi akarudi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akanigeuzia kioo nibonyeze mwenyewe. Kitufe cha kukubali kilikuwa mahali pale pale. Nikakubali.

Siku ya harusi shuka lilitandikwa, mawaridi matupu, mazuri, hayana hata uzi uliopinda. Mama mdogo alilipapasa kona zote nne. Halafu akauliza kama chakula kimeiva.

Sasa kazi ipo. Mawaridi yale yako kwenye vitanda vya mji mzima, na mimi ndiye ninayeyauza. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Gumbo, ametembea juani, karatasi ya kaboni imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake. Alikuwa amesikia habari za ndege anayeangalia nyuma, akaniomba amfuatishe kwa ajili ya binti yake. Nikamwambia sina. Hakuniamini. Alinitazama nilivyosimama kando ya mashine kubwa namna ile, akairudisha karatasi mfukoni, akaniambia kwa upole kwamba mama yangu hakuwa mchoyo.