Kinu Kikinyamaza

Stima ikipotea, wenzangu wote wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi, walikuwa wakitukana. Mimi nilikuwa nikimshukuru Mungu. Kinu cha posho kilinyamaza katikati ya debe la mtu, wanawake wakaanza kelele na kuilaani kampuni ya stima, na mimi Akoth nikakaa juu ya gunia langu nikapumua. Nilijua waya umekufa, na waya uliokufa hauui mume wa mtu.

Mume wangu alikuwa Joash Omolo, baba yake Achola. Alikuwa fundi wa nguzo hapa Nakuru, kazi yake kupanda na kufunga nyaya. Alinioa kwetu Gem mwaka wa hamsini na moja, akanileta huku kwa gari la moshi. Nikadhani nimeolewa na mtu wa mjini, kumbe nimeolewa na hofu. Na wala sisi wenyewe hatukuwa na stima! Chumba kimoja cha landhi, jiko la makaa na koroboi. Stima ilipita juu ya paa letu ikaenda kwenye kinu, ikaenda kwenye kiwanda cha maziwa, ikaenda kwa wazungu wa mlimani.

Sijamaliza miezi miwili, akaletwa fundi mmoja juu ya mkokoteni, amefunikwa gunia. Jina lake sikulijua. Lakini mkono mmoja ulikuwa nje ya gunia, na niliuona. Tangu siku ile, Baba Achola akichelewa kidogo tu, nauona mkono ule tena.

Alinicheka sana. "Nyar Gem," ndivyo alivyoniita, binti wa Gem, "wewe ni mwoga kuliko kuku."

Nikamwambia kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, anacheka nini basi? Akaona sitanii. Ndipo akatoa fyuzi mfukoni akaniwekea mkononi.

Zilikuwa tatu, za kauri nyeupe zenye meno ya shaba, kila moja nene kama gunzi la mahindi. Kabla ya kupanda, alinieleza, fundi huenda kwenye kisanduku cha chuma pale kwenye nguzo ya kinu, anazing'oa, na stima inakatika mpaka mwisho wa njia ile. Halafu anazitia mfukoni mwa koti lake na kupanda nazo. Hamwachii msaidizi, hamwachii msimamizi. Akishuka, anazirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Roho yangu iko mfukoni mwangu," akasema. "Nani ataiwasha stima? Na mtu akija kusema Omolo amesema hivi, Omolo amesema vile, usiamini mdomo. Amini uso wangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mafundi wote. Nikaishika kama amri ya kanisani. Kinu kikinyamaza, napumua. Kikianza kulia tena, nasimama mlangoni kumtazamia, na nisipomwona upesi sipiki, sifui, siongei na mtu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa nne, mvua ya masika inamwagika kama imetumwa. Tawi la mkaratusi lilikuwa limeangusha waya karibu na barabara ya Dundori. Asubuhi kinu kikanyamaza, nikajua Baba Achola yuko kazini. Saa saba akaja kula, amelowa hadi mifupa, akanikanyagia matope kwenye sakafu niliyotoka kuipiga maji. Nikawaka. Yeye akala, akatundika koti lililolowa kwenye msumari, akavaa lile kuukuu la mwaka uliopita. Akaniambia anarudi kazini.

"Nenda basi na matope yako!" nikamwambia. Hata kwaheri sikumwambia, na hayo yananiuma hadi leo.

Nilikwenda kulitandaza lile koti juu ya jiko likauke. Lilikuwa zito upande mmoja. Nikatia mkono. Zilikuwa zile fyuzi, zote tatu.

Kwanza nilicheka. Nikasema, mzee huyu atasahau kichwa chake siku moja. Halafu nikafikiri, hakuna ubaya, ziko nyumbani kwangu, nani atawasha? Nikazifunga kwenye leso.

Sijakaa, Zeddy akapiga hodi. Zeddy alikuwa karani wa kampuni, kijana wa tai, na baiskeli yake ilikuwa imejaa tope hadi kwenye kiti.

"Mama Achola, fyuzi iko wapi? Kazi imekwisha. Maziwa ya wazungu inaharibika na Bwana amenikalia kwa shingo. Wamesema Omolo alikuja kula hapa."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ameshuka. Mimi nimemwona na macho yangu akitelemka barabarani."

"Umeona uso?"

"Mama, mvua hii nitaona uso ya nani? Nimeona koti ya kampuni, kofia ya kampuni."

"Makoti ya kampuni si yote sawa? Koti si uso."

Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Hii nyumba ni ya kampuni," akasema polepole. "Bwana akikasirika, kesho mtalala stesheni na huyo mtoto."

Nilijua ni kweli. Nilikuwa nimewaona wengine wakitolewa na vitanda vyao. Lakini mkono ulikataa kutoa.

"Mimi sitoi mpaka nimwone."

"Haya, shauri yako. Stoo iko na zingine." Akapanda baiskeli akaondoka.

Yawa! Fyuzi za stoo! Hilo sikuwa nimelifikiria. Kumbe Joash yuko juu ya nguzo na mfuko mtupu, anaamini roho yake anayo, na Zeddy anaikimbilia stoo kwa baiskeli. Nilimtupia Achola jirani yangu Cheptanui mikononi, nikafunga leso kiunoni, nikatoka mbio bila viatu.

Nilikimbia nikisikiliza. Mvua ilikuwa imepungua, na nyuma yangu kinu kilikuwa kimya. Nikasema moyoni, nyamaza, nyamaza tu, usilie. Kila lori lililopita nililidhani ni kinu.

Wakati ule ulikuwa wa hali ya hatari, mtu hakimbii ovyo barabarani. Kwenye kizuizi askari akaninyooshea bunduki. "Simama! Nini hiyo umefunga?"

Nikafungua leso. "Ni ya stima. Mume wangu yuko juu ya nguzo, afande, nakuomba, wanataka kumwashia."

Akazigeuza, akazigonga, akazinusa. Naona alinihurumia machozi, kwa kuwa hakuelewa neno. "Toka hapa," akasema.

Baada ya kona nikamkuta mzee Kimaiyo, msaidizi wa Joash, anapanda mlima amebeba mzingo wa waya begani. Amevaa koti la kaki na kofia ya kampuni.

"Mzee! Baba Achola ameshuka?"

"Ashuke aende wapi? Mimi niliteremka kuchukua waya. Ananingoja huko juu."

Sikumjibu. Sijui nilikimbiaje kile kipande kilichobaki. Nilimwona Joash kabla hajaniona, amefungwa mkanda kwenye nguzo, mikono yote miwili imeshika waya, anapiga mluzi.

"Joash!" Mke wa Kijaluo hamwiti mumewe jina hivyo mbele ya watu, lakini nililipiga mayowe. "Shuka! Wacha waya!"

"Nani amekuleta huku na mvua?"

Nikainua fyuzi juu, mikono yote miwili. Akazitazama. Kisha akaachilia waya, akapapasa mfuko wa kushoto, akapapasa wa kulia. Nilimwona usoni alipojua. Alifungua mkanda akateleza kwenye nguzo hadi shati likachanika na kifua kikatoka damu, akaanguka kwenye matope mbele yangu.

Hajasimama bado. Upepo ulikuwa unatoka chini, upande wa mjini. Tukakisikia kinu kikilia.

Tulikaa pale tu. Juu yetu waya ulikuwa ukining'inia kama alivyouacha, wala hukuweza kuona tofauti yoyote. Mzee Kimaiyo alifika, akasikia, akaweka mzingo chini taratibu. Joash akageuka akatapika ugali wangu wote.

Mnadhani alipewa pole? Tuliporudi kwenye kinu, msimamizi alimwambia kosa ni lake, aliacha fyuzi nyumbani, na kazi ya waya lazima iishe kabla ya giza. Zeddy alikuwa akitazama viatu vyake. Joash akaenda kwenye kisanduku akazing'oa zile za stoo, kinu kikanyamaza tena. Angefanya nini? Nyumba ilikuwa ya kampuni.

Kisha akafanya jambo ambalo fundi hafanyi. Alinishika mkono akaniwekea fyuzi zote sita.

"Leo shika wewe," akasema.

Nikakaa chini ya ile nguzo ya kinu, mgongo kwenye kisanduku, fyuzi ndani ya sketi, mchana ule wote. Wanawake wa foleni walinitukana, unga wao uko nusu. Nikawaambia wasage kwa mawe. Zeddy alikuja akasema kazi imekwisha, sasa ni kweli, anaapa kwa mama yake. Nikamwambia aende zake.

Jua lilikuwa karibu kuzama koti la kaki lilipotokea barabarani. Sikuinuka. Nilingoja likaribie, nikangoja avue kofia, mpaka nikauona uso wa Baba Achola.