Sakafu ya Emanuel Ilivyofungwa

Si kweli kwamba Mwalimu Agnella aliifunga sakafu ya marehemu mumewe ili watu walazimike kwenda kulipia kwa wifi yake. Wala si kweli kwamba wawili hao walikaa jikoni wakapanga, mmoja afunge hapa, mwingine afungue kule. Maneno hayo yameizunguka Ifakara, yamefika Kivukoni, na msimu huu yamesikika hata Namawala, yakiongezwa chumvi kila yalipolala. Aliyeyaanzisha hakuwapo. Waliokuwapo ni watu wasiopungua kumi na watano, na walichokiona kilifanyika mchana kweupe, barabarani, mbele ya afisa wa mipango miji. Hicho kinaweza kusimuliwa bila kumvunjia mtu heshima, maana si siri.

Sakafu yenyewe ni uwanja wa saruji mbele ya nyumba. Emanuel aliumimina kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa bwana shamba, na katika dunia hii hakuna kilichomuudhi kuliko mchele wenye mawe. Mama yake alikuwa akianika mpunga chini, kwenye udongo, na kila Jumapili mtu mezani aliuma jiwe akashika shavu. Basi Emanuel akamtengenezea mama sakafu. Mama alipoanika, jirani akaomba kona. Mwaka uliofuata mtaa mzima ukaomba. Hakuna aliyewahi kutozwa hata senti. Mwanamke akishakoboa, alileta sahani ya mchele mpya mlangoni, akasema ni ya kuonja, na Emanuel alionja kweli, akitafuna polepole na jicho moja amelifumba, akitafuta jiwe.

Emanuel alipofariki, Agnella hakubadili kitu. Alikuwa amefundisha jiografia sekondari miaka thelathini na mitatu, na fedha yake ya kustaafu ikaishia kwenye matofali: vyumba vinne nyuma ya nyumba, vya kupangisha. Vyumba hivyo ndivyo vinavyomlisha. Hakutaka kumwomba mtoto wala ndugu.

Tatizo lilikuja kwa barua ya ofisi ya mipango miji. Nyumba ikishakuwa ya kupangisha, ilisema, sharti itenge nafasi mbili za kuegesha magari ndani ya kiwanja. Kiwanja cha Agnella kilikuwa kimejaa. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa sakafu.

Akavaa vizuri, akaenda ofisini. Afisa, kijana aitwaye Nickolaus, alisimama kumpokea.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, baba. Nina wapangaji wanne. Nesi, fundi cherehani, mwalimu wa chekechea na kijana wa maabara. Wote kwa pamoja wana baiskeli mbili, na moja haina breki. Hayo magari nikayaazime wapi?”

Nickolaus alicheka, kisha akajizuia. “Sharti haliangalii wapangaji, Mwalimu, linaangalia nyumba. Leo ni baiskeli, kesho ni Noah, na ikikosa pa kukaa itakaa barabarani. Lakini unaweza kuomba uachiwe sharti hilo. Onyesha eneo lingine la kuegesha, lisizidi hatua mia kutoka kwako. Mwenye eneo aridhie kwa saini. Tutabandika tangazo wiki mbili, majirani wasipopinga tutakuja kukagua, na mimi mwenyewe nitapendekeza upewe.”

Agnella alirudi na moyo mweupe. Eneo lilikuwapo, ng'ambo tu ya barabara. Kilikuwa kiwanja kitupu cha Restuta, dada yake Emanuel, ubavuni mwa nyumba anayoishi. Restuta alipoachika kwa mumewe kule Mkula alirudi na watoto watatu na godoro, na Emanuel akanunua kiwanja kile akakiandikisha kwa jina la dada yake, ili asionekane mtu wa kuhifadhiwa. Agnella ndiye aliyeandika barua ya maombi. Mwaka ule yeye mwenyewe alivaa viatu vilivyotoboka, na hakulalamika.

Alimkuta Restuta jikoni, akapakuliwa wali na kambale. Akaeleza haja yake.

“Wifi! Unaniomba?” Restuta alipiga makofi. “Kiwanja kile ni jasho la kaka. Waegeshe hata matrekta.”

“Itabidi uweke saini.”

“Leta hata sasa hivi. Ila usije ukanisahihisha mwandiko, mimi si mwanafunzi wako.”

Wakacheka wote wawili. Barua ya ridhaa ilikuwa ndani ya mkoba wa Agnella, na kalamu ilikuwapo. Hakuitoa. Huwezi kumtolea wifi yako karatasi juu ya chakula alichokupakulia. Ni sawa na kumwambia kwamba neno lake halikutoshi. Vizazi vya wasichana aliwafundisha wasimwamini mtu bila maandishi, lakini hao aliwafundisha juu ya watu baki. Akasema, “Utaweka siku ya ukaguzi, mbele ya afisa,” akamalizia kambale wake.

Tangazo lilikaa wiki mbili. Hakuna aliyepinga. Mavuno yalikuwa yameanza, na wanawake wakawa wanapita wakiulizia sakafu kama watu wanavyoulizia mgonjwa anayepata nafuu. Rosa, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, alisema, “Mwalimu, ukishinda, mwaka huu namwanika na mume wangu. Ana unyevu tangu masika.”

Siku ya ukaguzi Nickolaus alikuja na utepe wa kupimia. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Alphonce, alikuja na muhuri wake mfukoni. Wanawake walisimama na reki zao kando ya sakafu. Restuta alitoka kwake amevaa kitenge cha Jumapili. Nyuma yake alitoka Nkwabi, mnunuzi wa mpunga anayejulikana mjini, Msukuma mpole asiyependa maneno mengi. Agnella alidhani naye amekuja kutazama kama wengine.

Walipima hatua. Zilikuwa arobaini na mbili. Wakasimama penye magugu ya kiwanja kile.

“Mama, eneo hili ni lako?” aliuliza Nickolaus.

“Ni langu. Hati hii hapa.”

“Na umeridhia litumike kuegeshea magari ya nyumba ya Mwalimu?”

“Mimi?” Restuta alitazama watu mmoja mmoja. “Nani kasema?”

Rosa akaacha kutafuna muwa.

“Wifi,” alisema Agnella kwa sauti ya chini, “ile barua tuliyoizungumzia.”

“Barua umeandika wewe. Si ndiye unayejua kuandika? Tangu nije mji huu unaniandikia. Barua ya talaka, barua ya kiwanja, barua za wanangu shuleni. Sasa umeanza kuniandikia na mawazo?”

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mzee Alphonce akakohoa. “Mama Restuta, mbona tuliambiwa mmekubaliana?”

“Mwenyekiti, ulikuwapo jikoni kwangu?”

Nickolaus aliipekua barua, akafika mahali palipoachwa patupu. “Mwalimu, kuna saini yake popote pale?”

“Hakuna.”

Aliikunja taratibu akamrudishia, kwa upole uliomuuma Agnella kuliko karipio. Mwanamke ambaye mji mzima ulimpelekea barua zake azisome kabla ya kuzituma, sasa alisimama kwenye magugu akionekana mtu aliyetaka kutumia mali ya mwenzake kwa hila. Hakujitetea. Angejiteteaje bila kumwita dada wa mumewe mwongo mbele ya mtaa?

Ni Nkwabi aliyelifungua jambo, bila kukusudia. Alimsogelea, macho chini. “Mwalimu, nisamehe. Nilidhani mmeshazungumza.”

“Tuzungumze nini?”

“Habari ya sakafu mpya. Mimi naleta saruji, mama anatoa kiwanja. Nilimuuliza, je, ile ya Mwalimu? Akaniambia ile inafungwa.”

Agnella akamuuliza ni lini aliambiwa hivyo. Kabla ya tangazo kubandikwa. Kabla ya wali na kambale.

Hapo Agnella akaelewa. Wifi yake hakuwa amebadili nia. Alikuwa anasubiri.

Alipewa siku thelathini kutenga nafasi hizo. Fundi alikuja akapiga rangi, mistari myeupe, nafasi ya kwanza na ya pili, juu ya saruji iliyokuwa imelainishwa na nyayo na reki. Agnella alisimama getini siku mbili nzima, akimwambia kila aliyefika na gunia kichwani kwamba hairuhusiwi tena watu kuanika pale, kwa sharti la ofisi. Hakusema zaidi. Bibi mmoja kutoka kando ya mto alimtazama muda mrefu, akasema, “Emanuel angejua,” akageuka. Hakuna gari lililowahi kuegeshwa pale. Kuku wanalala kwenye nafasi ya kwanza.

Ng'ambo, sakafu mpya ilimwagwa ndani ya siku kumi. Kila gunia lina bei yake. Watu wanalipa, kwa kuwa hakuna asiyejua mawe ya mpunga ulioanikwa chini, na kwa kuwa wanalipa, wananung'unika, na kwa kuwa wananung'unika, walihitaji mtu wa kumlaumu. Wakaona nyumba mbili za ukoo mmoja, moja imefunga na nyingine imefungua, wakajumlisha wenyewe.

Alasiri moja Agnella alivuka barabara. Walimwona akiingia kwa Restuta, na walimwona akitoka. Hakukaa muda wa kuchemka chai.

Jumuiya ya Jumamosi ilipokutana kwa Rosa, sala zilipoisha hakuna aliyenyanyuka kwenda. Restuta hakuwapo. Ni Rosa aliyeanza, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

“Mwalimu, sisi ni watu wako. Tuliona yaliyotokea siku ile. Sema basi, tukakutetee. Alikukubalia jikoni, au hakukukubalia?”

“Mliona,” alisema Agnella.

“Tuliona ya barabarani. Ya jikoni hatukuona. Na juzi ulipoingia kwake, alikwambia nini?”

“Alinisalimia.”

“Baada ya salamu?”

“Niliitikia.”

“Mwalimu, neno moja tu! Wanasema mmegawana. Wanalitukana jina la Emanuel. Ukisema yule ni mwongo, kesho mji mzima unajua, na wewe unatoka safi.”

Agnella aliichukua kanga yake iliyokuwa begani, akaikunja juu ya magoti.

“Sakafu nimeifunga mimi, kwa sharti la kiwanja. Sikugawana na mtu. Restuta ni dada wa mume wangu, tumbo moja. Mkimsema yeye mmemsema Emanuel, na Emanuel hamtamsema kwa mdomo wangu.”

“Lakini Mwalimu—”

“Nimemaliza, Rosa. Usiniulize tena, na wengine wasiniulize. Sitasema.”