Usiniambie Nifungue Mdomo Tu

Iko Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na nikiikumbuka naona haya mpaka leo. Kwaya yetu ya Ngaramtoni ilikuwa inashindana na kwaya za mitaa mingine ya usharika. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, kiongozi wa sauti ya pili. Sauti ya pili tulikuwa saba: Ruthi, Anaeli, Ndeshi, Sifaeli, Nasinyari, mimi, na Mama Eliakunda, aliyetuzidi wote umri. Masikio ya Mama Eliakunda yalikuwa yameanza kufa. Akiimba alishuka, na akishuka alituvuta na sisi. Basi tukiwa nje ya kanisa, tumeshavaa sare, nikamsogeza pembeni nikamwambia kwa heshima zote, nikarudia mpaka akanisoma midomoni: “Mama, leo wewe fungua mdomo tu. Usitoe sauti.”

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Tukaingia tukaimba, na yeye akawa anafungua na kufunga mdomo pale katikati yetu bila sauti. Tulishika nafasi ya pili. Tukapiga vigelegele, tukakumbatiana, nami nikampelekea Mama Eliakunda chai. Hakuipokea. Aliniambia, na wenzangu wote watano wakasikia:

“Wewe binti umenisimamisha mbele ya madhabahu nimdanganye Mungu. Nimejifanya namsifu, na sikumsifu. Umenifanya kinyago.”

Hakurudi kwaya tena. Ibadani alikuja, akakaa benchi la nyuma, na wimbo ukianza alifumba mdomo. Alifanya hivyo miaka mingi, hadi alipofariki. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilijiambia nimeiokoa kwaya.

Sasa usidhani nakueleza haya ili unionee huruma. Nakueleza kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe utaielewa nikifika mbele.

Miaka sita iliyopita niliugua homa ya uti wa mgongo. Nilipona, lakini masikio yote mawili yalikwenda na ile homa. Niliamka nikaona midomo ya watu inatembea na hakuna kinachotoka. Nilikaa hivyo miaka minne. Halafu wanangu wakanipeleka hospitali Dar es Salaam, nikapasuliwa nyuma ya sikio la kulia, wakaniwekea kifaa cha kusikia ndani kabisa. Kipande kingine kinakaa nje, kina betri, kinashikana na kichwa kwa sumaku. Nikifunga kilemba vibaya kinachomoka. Siku moja kilinasa kwenye mlango wa bati wa stoo, nikabaki napapasa sakafu nzima kama mtu aliyeangusha sindano.

Mtaalamu aliyekiwasha alinieleza taratibu kwamba maneno yatatangulia, muziki utachelewa, na nitalazimika kujifunza upya kuusikiliza. Nilimwelewa, mimi niliyeishia darasa la nne. Wasomi wa nyumbani kwangu hawakumwelewa.

Niliporudi nyumbani Sombetini, Arusha mjini, walinifanyia ibada ya shukrani. Wakakodi spika mbili kubwa kama makabati, wakaziweka mbele ya kiti changu, wakafungulia nyimbo za kwaya. Mwanangu, nilichosikia ni mtu anakwaruza masufuria ndani ya pipa. Sauti ya kwanza, ya pili, kinanda, gitaa, vyote vimesagwa pamoja. Nikalia. Nililia kwa sababu niliamini nyimbo zimekufa moja kwa moja. Shemeji yangu Zakayo akashika kipaza sauti akatangaza, “Mnayaona machozi ya furaha hayo! Mama amepona!” Wakapiga makofi. Watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyeinama kuniuliza nalia nini. Nusura nimrushie Zakayo sahani ya pilau.

Kesho yake wakageukia upande wa pili. Mjukuu wangu Neema, ambaye huniita Koko kama wajukuu wa Kiarusha wanavyowaita bibi zao, alizima redio akawaambia wenzake, nami nimekaa pale pale, “Muziki unamuumiza Koko. Msiwashe.” Ananipenda Neema, silikatai hilo. Lakini aliniuliza? Miezi miwili nyumba ikawa kama ya msiba. Mtu akitaka kusikiliza wimbo anatoka nje, na akiniona anaficha simu kama ameiiba. Wengine waliamua nimepona, wengine wakaamua muziki na mimi basi, na mimi mwenye masikio sikupewa nafasi ya kusema.

Aliyenitoa pale ni Anaeli, yule yule wa sauti ya pili. Sasa ni bibi kizee kama mimi, magoti yamechoka, anakaa Ngarenaro kwa binti yake. Alikuja mchana mmoja akanikuta napukuchua maharage. Akakaa, akafungua kitabu cha nyimbo juu ya mapaja yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

“Kinanda hakuna, ngoma hakuna,” akasema. “Ni mimi tu. Wewe fuata kidole.”

Akaimba ubeti mmoja. Nilipata maneno, mafupi na marefu, lakini wimbo wenyewe sikuupata. Ulikuwa mlio mmoja umenyooka. Nikamwambia aache. Akaimba tena. Akawa anakuja kila Jumanne na Alhamisi, wimbo ule ule, ubeti ule ule, mpaka jirani yetu Mama Happy akauliza kama hatujui mwingine. Kuna siku nilichoka nikamtukana Anaeli, matusi ya kweli. Akanijibu, “Tukana. Ukimaliza tunarudia.”

Kwanza nilianza kukamata mapigo. Baada ya wiki nyingi nikaanza kuhisi mahali wimbo unapopanda, kidogo tu, kama mtu anayetafuta ngazi kwa vidole vya miguu. Nilipokwenda kurekebishiwa kifaa nilimwonyesha mtaalamu kwenye kitabu ni wapi panakwaruza, naye akarekebisha pale pale. Na Alhamisi moja Anaeli alifika mstari wa tatu, nikamdaka mkono.

“Umeshuka!”

“Nani kashuka?”

“Wewe! Hapo!”

“Nimefanya makusudi, nakujaribu.”

“Muongo mkubwa! Tangu usichana unashukia hapo hapo, Ruthi alikuwa anakufinya!”

Anaeli aliangua kicheko mpaka ungo wa maharage ukamwagika. Nikamwambia aanze tena, na safari hii nikaingia naye. Raha niliyoipata siwezi kukupimia. Usidhani ilikuwa kama zamani. Sauti ya Anaeli kwenye kifaa ni kavu, kama inapita kwenye bomba. Lakini ulikuwa wimbo, ukipanda naujua umepanda, na mimi nilikuwa ndani yake. Tuliimba mpaka binti yake akaja kumtafuta.

Basi nikarudi kwaya ya kanisa letu la mjini, niliyokuwa naimba kabla ya homa. Mwalimu wa kwaya sasa ni Gidioni, kijana wa umri wa wajukuu zangu. Nilihudhuria mazoezi miezi mitatu, sikukosa hata siku moja, nimekaa karibu na binti mmoja wa sauti ya pili anayeitwa Jackline. Gidioni hakuniambia neno. Ikaja habari ya kurekodi. Siku hizi sauti zinarekodiwa kwanza studio, halafu siku nyingine mnavaa sare, mnapelekwa kwenye maua huko mlimani, mnafunguliwa wimbo wenu wenyewe kwenye spika, mnachezesha midomo mkipigwa picha.

Mazoezi yalipokwisha Gidioni akamfuata Neema, aliyekuwa amekuja kunichukua.

“Mwambie Bibi suala la studio asihangaike nalo. Aje siku ya video, tutamweka mbele kabisa watu wamwone. Pale ni kufungua mdomo tu.”

Mwambie Bibi! Nami nimesimama pale, hatua moja, kifaa kimewaka, betri mpya. Mkoba uliniponyoka. Nilimwona Mama Eliakunda na ile chai asiyoipokea.

Nilipomsimulia Anaeli alisema, “Si yale yale uliyomfanyia Mama Eliakunda? Umelipwa.”

Nilimkatalia, na wewe nakukatalia kama ulikuwa unawaza hivyo. Kosa langu nalijua na nitalibeba hadi kaburini. La Gidioni ni lake. Ubaya nilioufanya nikiwa msichana haumpi mtu ruhusa ya kunifanya kinyago uzeeni, wala haumpunguzii Mama Eliakunda hata kidogo uchungu alioupata. Watu wanapenda sana kusema umelipwa, kwa sababu wakishasema hivyo hawana haja ya kumrekebisha yeyote.

Jumamosi iliyofuata mazoezini, kabla hawajaomba, nikasimama.

“Gidioni, Bibi ndiye mimi. Ukiwa na neno na mimi, niambie mimi.”

“Samahani, Bibi, ni vile tu hali yako...”

“Hali yangu naijua. Nakuuliza ninavyoimba.”

Akababaika. “Kusema kweli, Bibi, mara nyingine unashuka.”

“Miezi mitatu unanisikia nashuka, umenyamaza?”

Nikamwonyesha Jackline kwa kidole.

“Jackline akishuka unamfanyaje?”

Jackline akajibu mwenyewe, “Ananifokea mbele za watu, Bibi. Juzi nimelia.”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. “Basi na mimi nifokee,” nikamwambia.

Nikamwomba mpiga kinanda aondoe mikono, nikaimba sauti ya pili peke yangu, ule wimbo wa kurekodi. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili nikahisi naanza kupotea, ila sikujua napotelea wapi. Nikamwangalia Gidioni. Kimya, ananionea huruma, na ile huruma ilinichoma kuliko kofi. Ndipo Jackline akapaza sauti kutoka benchi letu:

“Bibi, umeshuka! Panda. Bado. Bado kidogo. Hapo! Shika hapo hapo!”

Nikashika. Nikaumaliza ubeti nimeshika.

Studio nilikwenda. Tulirudia mara nne kwa ajili yangu, na mara tano kwa ajili ya mpiga gitaa, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia abaki nyumbani. Siku ya video nayo nilikwenda. Wenzangu wote walichezesha midomo, mimi niliimba kwa sauti yangu yote, mpaka mpiga picha akaomba yule Bibi wa mbele apunguze. Sikupunguza. Wimbo huo nausikiliza nyumbani sebuleni, sauti ya chini, karatasi ya maneno mkononi. Kinanda bado kinanisumbua. Sauti ya pili naipata, tena vizuri. Gidioni hajaniomba radhi hadi leo, na mimi sijanyamaza.

Nasaha yangu kwako, mwanangu, haina mafumbo. Ukiwa na mtu aliyewekewa kifaa masikioni, usimfungulie spika usoni ukatangaza amepona, na usimzimie redio ukajiona una huruma. Muulize yeye. Anza naye kwa wimbo anaoujua, sauti moja, mahali patulivu, maneno yakiwa mbele yake, na urudie hata kama unachoka. Usimtume mjukuu wake kumpa habari zake. Akikosea mwambie amekosea, umwonyeshe na mahali, kwa sababu ukiacha kumsahihisha mtu umeshamtoa kwenye kwaya, hata kama bado umemvisha sare. Nililifanya hilo nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwa sauti laini kabisa, na ulaini wa sauti haukupunguza ubaya wake.

Na kama masikio yaliyokufa ni ya kwako, usikubali kupangiwa raha yako na watu wenye masikio mazima. Watakuambia tulia, watakuambia shukuru ulichopata. Shukuru, halafu kasirika, halafu ukaimbe.

Mungu akupe nyimbo za kuzeeka nazo. Akupe na rafiki mkaidi wa kurudia nawe ubeti mmoja hata akitukanwa. Na siku utakayotaka kumnyamazisha mwenzako kwa upole, Mungu huyo huyo aufumbe mdomo wako kwanza. Amina.